Mnunuzi Ajuaye na Muuzaji Asiyejua

Miongoni mwa vipindi vya televisheni vya Marekani vinavyotufikia majumbani, vimo vya watu watafutao vitu vya kale, wakavinunua na kuviuza tena. Kimojawapo ni Toy Hunter, kilichoonyeshwa na Travel Channel kuanzia mwaka 2012. Humo mfanyabiashara Jordan Hembrough hupekua madari na maghala ya watu, akitafuta vitu walivyochezea watoto zamani.

Biashara hii si mchezo. Sanamu ndogo ya Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, ambayo kampuni ya Kenner iliifanya kwa majaribio isiiuze madukani kwa kuchelea usalama wa watoto, ilinadiwa mwaka 2024 kwa dola 525,000.

Kununua rahisi na kuuza kwa faida ni halali. Lakini tuwatazamapo na watoto wetu, tuwaulize: je, muuzaji aijua thamani ya kitu chake? Katika Pawn Stars, kipindi cha mjini Las Vegas, mara nyingi huitwa mtaalamu akaitaja thamani mbele ya wote wawili, ndipo wakapatana. Hilo ni jema. Mashaka yapo pale mmoja ajuapo, mwenziwe hajui, na ajuaye akanyamaza.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, kwani hawajaijua bei, na muuzaji aliyenunuliwa hivyo alipewa hiari ya kuivunja biashara afikapo sokoni. Nje ya hali hiyo, maulamaa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wasema kwamba bei ya chini peke yake haibatilishi biashara maadamu hapana udanganyifu. Lakini kusihi ni jambo moja, na ihsani ni jambo jingine.

Imepokewa kwamba Sayyidna Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, alimwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akamzidishia mia baada ya mia hadi 800. Alipoulizwa sababu, alisema kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu.

Enyi kina mama, nyumba zetu za pwani nazo zina makasha ya njumu, sahani za kale na mikufu ya mabibi. Abishapo hodi mnunuzi mwenye haraka, msiuze siku hiyo. Ulizeni kwanza kwa watu wawili watatu wajuao. Na ikiwa kitu ni cha marehemu, hicho ni mirathi: hakiuzwi bila ya ridhaa ya warithi wote, hata aliye mbali.

Na siku nasi tutakapokuwa wanunuzi, tukajua asilolijua jirani yetu, tumwambie. Faida itapungua, na baraka itabaki.