Kukinai si Kunyamazishwa

Wasomaji wa Biblia hapa Ufipa wanalijua jina la Wastoiko, wale wenye hekima waliohojiana na Mtume Paulo kule Athene. Wachache hukumbuka walichofundisha. Zeno, mwanzilishi wao, husimuliwa kuwa alikuwa mfanyabiashara. Jahazi lake likavunjika, mali ikapotea, naye akageukia elimu ya maisha. Baadaye alitokea Epictetus, mzaliwa wa utumwani, ambaye mafundisho yake yalithaminiwa mno na Marcus Aurelius, mtawala wa dola ya Kirumi tangu mwaka 161 hadi 180. Mtumwa akamfundisha mfalme! Neno lake kubwa lilikuwa hili: yako mambo yaliyo katika uwezo wetu, na yako yasiyokuwemo, mwenye kuyatenganisha hupata utulivu wa moyo.

Hatudhani kwamba mvuvi wa Kasanga ana haja ya kwenda Athene kuyajua hayo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hupoteza nguvu ya kuwakusanya. Basi wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Hakuna anayegombana na mwezi. Kusi nayo huvuruga ziwa wakati wa kiangazi, lakini ndiyo hiyo hiyo inayopandisha maji ya chini yenye rutuba katika ncha hii ya kusini, samaki wakapata chakula.

Mwaka 2024 jambo lilikuwa jingine. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kufuatana na mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Nia hiyo tunaiunga mkono, maana ziwa limechoka. Hata hivyo, miezi mitatu si mausiku machache ya mbalamwezi. Mwenye mtumbwi huenda alikuwa na akiba. Je, kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki, au mama mwanika dagaa?

Kumwambia huyo akinai tu ni kuigeuza hekima kuwa kufuli la mdomo, tena mara nyingi wasemao hivyo wameshiba. Mwezi na kusi haviko katika uwezo wa mtu yeyote. Tarehe ya kulifunga ziwa, pamoja na mikopo ya kumwezesha mvuvi kulima au kufuga wakati huo, vimo katika uwezo wa watu wenye ofisi na mihuri. Wastoiko hawakufundisha ulegevu: Marcus Aurelius alijikumbusha katika maandishi yake kwamba binadamu ameumbwa kwa kazi.

Sehemu ya mvuvi inajulikana: kuyaacha makokoro, kutumia nyavu za macho halali, na kuweka akiba kabla ya Mei. Sehemu ya wakuu ni kumwambia mapema, na kuhakikisha mkopo unamfikia kabla mtumbwi haujapandishwa ufukoni.