Siku Moja Mjini Paris

Mtu akisafiri peke yake, kosa lake humpata yeye mwenyewe. Lakini mtu na mkewe wakisafiri pamoja, kosa la mmoja huwapata wote wawili. Jambo hilo nalijifunza mjini Paris, mwezi wa tano wa mwaka 2025. Mimi nilikuwa masomoni Ubelgiji, naye mke wangu alikuwa amekuja kunitazama kwa majuma matatu.

Toka Bruxelles hata Paris ni kilometa 300 hivi, na treni ya mbio humaliza njia hiyo kwa muda usiofika saa moja na nusu. Kwa hiyo watu wengi huenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini nauli si ndogo. Mke wangu aliposikia bei ya tiketi zetu, alinyamaza kwanza, kisha akasema: «Baba watoto, fedha hiyo ingemlipia mtoto mmoja shule.» Nikamweleza kwamba nimeiweka kidogo kidogo kwa ajili yake. Akakubali. Lakini tangu saa ile nikajisemea moyoni: kwa kuwa tumelipa sana, sharti tuone kila kitu.

Usiku ule nikaandika mambo tisa katika karatasi, nikamsomea moja moja kama mwalimu mbele ya darasa. Nilipofika jambo la tatu alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

Asubuhi tukashuka katika stesheni ya Gare du Nord. Watu walikuwa wengi kama siafu, na kila mmoja anakwenda mbio. Nami nikaenda mbio kama wao. Tukateremka hata kwenye gari la chini ya ardhi, liitwalo métro, ambalo wenyeji wamelitumia tangu mwaka 1900. Katika njia ya nne, iliyo yetu, magari hayana dereva: mashine ndizo zinazoyaendesha. Kando ya reli umejengwa ukuta wa vioo wenye milango, nayo hufunguka gari linaposimama. Nikaingia. Kengele ikalia, milango ikafungwa. Nikageuka nyuma: mke wangu amebaki ng'ambo ya kioo!

Ndugu zangu, nimwite nani, na gari halina dereva? Tiketi za kurudi zilikuwa mfukoni mwangu, na fedha pia, na simu iliyokuwa moja tu kwa wote wawili. Yeye alibaki na kikapu cha chakula na tiketi yake ya métro. Tena hatukuwa tumeagana hata neno moja juu ya kupotea. Nikashuka katika kituo kilichofuata, nikarudi mbio. Sikumkuta. Nikamtafuta, nikauliza watu, wote wakatikisa kichwa. Miguu ikaniishia nguvu. Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyomwacha nyuma tangu stesheni, bila kugeuka hata mara moja.

Mwisho nikaona hakuna la kufanya ila kwenda mahali pa kwanza katika karatasi yangu, ndipo kanisa kuu la Notre-Dame, katika kisiwa kilicho katikati ya mto Seine. Nikashuka kituo cha Cité, nikavuka hata uwanja ulio mbele ya kanisa. Hapo pana alama ndogo ya shaba katika mawe ya chini. Kutoka alama hiyo Wafaransa hupima urefu wa barabara zao zitokazo Paris. Na kando ya alama hiyo alisimama mke wangu, kikapu mkononi.

«Mama watoto, umejuaje kuja hapa?» Akanijibu kwa upole: «Jana usiku ulisema ndipo barabara zote zinapopimwa. Nikawaza, mume wangu naye ni lazima apitie.» Kumbe hakuwa amelala!

Sikupata neno la kujibu. Tukaingia kanisani pamoja, kiingilio hakilipwi. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1163. Tarehe 15 mwezi wa nne, mwaka 2019, moto uliteketeza paa lake, na mnara wake mwembamba ukaanguka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakilia na kusali kando ya mto. Mafundi wa mawe, wa mbao na wa vioo wakafanya kazi miaka mitano. Miti ya mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa kwa ajili ya paa na mnara. Mwezi wa kumi na mbili, mwaka 2024, milango ikafunguliwa tena. Tuliona mawe meupe kana kwamba yamechongwa jana. Tukapiga magoti, na kila mmoja wetu alijua anashukuru kwa nini.

Tulipotoka nikaikunja karatasi. Tukatembea polepole hata daraja la Pont Neuf. Maana ya jina hilo ni «daraja jipya», lakini kati ya madaraja yanayosimama leo mjini humo, hilo ndilo kongwe, maana lilimalizika mwaka 1607. Mke wangu alicheka sana. Kisha tukaketi katika bustani ya Tuileries, tukala mayai na mkate wa kikapuni. Mnara wa Eiffel, wenye kimo cha metro 330, tuliutazama kwa mbali, wala hatukuona haya. Katika mambo tisa tuliyaona matatu. Hayo matatu tuliyaona sote wawili.

Wazee walisema: mwenda pole hajikwai. Ewe msomaji, ukienda na mkeo mji mkubwa, ama Paris, ama Kinshasa, ama sokoni tu siku ya watu wengi, shika mambo haya. Kabla ya kutoka, patanani mahali pa kukutana mkipotezana. Tiketi na fedha, kila mmoja ashike zake. Na mwendo uwe wa yule aliye nyuma.

Jioni, katika Gare du Nord, nilimpa mke wangu tiketi yake mkononi. Akaitazama, akaitia katika kikapu, akanishika mkono. Tukaingia katika treni kwa mlango mmoja.