Kikomo cha karo kiandikwe sheriani

Majuzi alinijia kijana niliyemfundisha shule ya upili, mkononi ana barua ya kuitwa chuo kikuu cha umma. Uso haukuwa wa furaha. Aliniuliza, "Mwalimu, huyo aliyempima mama akaona ana uwezo, alimpima wapi?" Mamaye ni mchuuzi wa mboga. Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, safari hii ni ndefu. Mwaka 1991 Serikali ilipoanza kuwatoza wanafunzi wa vyuo vikuu sehemu ya gharama, kiwango kilikuwa Sh6,000 kwa mwaka. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kwa miaka mingi baadaye, mwanafunzi aliyefadhiliwa na Serikali alilipia masomo Sh16,000, awe anasomea udaktari au ualimu. Mzazi alijua la kutarajia.

Mpango wa mwaka 2023 uliivunja desturi hiyo. Karo ikafuata gharama ya kozi, na kila familia ikapangwa katika kundi kulingana na uwezo wake. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisitisha hukumu hiyo, na mwaka huo huo Wizara ikatangaza kupunguzwa kwa karo. Tulishangilia. Lakini linalopunguzwa kwa tangazo laweza pia kuongezwa kwa tangazo.

Hapo ndipo lilipo dai langu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule za umma kutoza ada ya masomo. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye astahili kinga ya namna hiyo: kikomo cha karo kiandikwe katika sheria, kisibadilishwe ila na Bunge, baada ya wananchi kusikizwa.

Hata hivyo, waheshimiwa wabunge wasipitishe kikomo kisha wakainyima bajeti. Chuo kisicho na fedha hakiwezi kumlipa mhadhiri wala kununua dawa za maabara. Mkono mtupu haulambwi. Sheria na fedha ziandamane.

Kijana yule alirudi nyumbani na barua yake. Mimi nimebaki na swali lake, nami nalipeleka Bungeni.