TV inaonyesha Simba, ukuta unawaka Yanga

MZEE ndiye aliyeona wa kwanza. Dakika ya tatu ya mchezo, Simba hawajapiga hata shuti, akaweka kikombe cha chai mezani, akatazama ukuta nyuma ya TV kuanzia kushoto mpaka kulia, halafu akanigeukia.

“Wewe mtoto, umeniletea Yanga ndani?”

Ukuta mzima ulikuwa kijani. Kijani mbichi, kama vile kuna mtu kaubandika jezi. Na mimi ndiye niliyetoa hela yangu, tena posho za mechi kadhaa nilizokwenda kuripoti, ili sebule ya baba yangu pale Mbagala iwake hivyo.

Mzee wangu ni Simba wa zamani, wale ambao ulimi ukiteleza bado wanaiita Sunderland. Tangu zile tano za Novemba 5, 2023, Yanga walipoichapa Simba 5-1 pale kwa Mkapa, kijani nyumbani kwake inaruhusiwa kwenye mchicha tu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo unamwashia ukuta wa rangi ya watani wake, dakika 90, na Simba ndiyo iko uwanjani.

Lakini sikuzinunua zile taa kwa ajili ya mbwembwe. Nilizinunua kwa sababu mzee alikuwa ameacha kutazama mpira.

MACHO YALIGOMA

Mei 17, 2025 Simba ilikuwa Morocco, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Kwetu ilikuwa usiku. Tukakaa wawili, taa ya sebuleni imezimwa. Simba wakalala 2-0. Kipindi cha pili mzee akasimama, akafuta uso kwa kanga ya mama iliyokuwa kwenye kochi, akaingia chumbani. Nikadhani ni matokeo.

Wiki iliyofuata nikamkuta na redio. Mechi nyingine, redio. TV ya inchi 43 aliyoinunua kwa hela yake ya kiinua mgongo, baada ya kuizika ile ya chogo, imefunikwa kitambaa.

“Baba, umesusa?”

“Sijasusa mwanangu. Macho yanatoka machozi, kichwa kinagonga. Usiku siwezi.”

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule. Mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, analala sebuleni kwenye godoro pembeni ya kochi. Ana miaka mitano na asubuhi anawahi gari la shule. Saa 3 usiku taa ya juu inazimwa, hiyo ni sheria ya mama na haina rufaa. Kwa hiyo mechi zote za usiku mzee anazitazama gizani, TV ikimpiga usoni kama taa ya fuso barabara ya Kilwa. Daktari wa macho alimpa miwani mpya na kumwambia jambo moja zaidi: acha kutazama TV kwenye giza.

Ukikaa gizani mboni ya jicho inatanuka kutafuta mwanga. Skrini ikiwaka ghafla, inabana. Mpira sasa ndio unaisumbua zaidi. Mechi ya saa 10 jioni nusu ya uwanja iko kwenye kivuli cha jukwaa, nusu inapigwa na jua. Mpira ukivuka ule mstari, picha nzima inabadilika, na kwenye mechi moja unavuka mara ngapi? Kijana hahisi kitu. Mtu wa umri wa mzee wangu anahisi.

Dawa yake ni ya siku nyingi, kuweka mwanga laini nyuma ya TV, ukutani, ili jicho lisitazame kitu kinachowaka katikati ya weusi mtupu. Wanaorekebisha rangi za filamu studio nao hukaa na taa ya namna hiyo nyuma ya skrini zao. Philips wao walikwenda mbali zaidi mwaka 2004, walipoingiza sokoni TV wanazoziita Ambilight, zenye taa mgongoni zinazofuata rangi ya picha. Ikionyesha bahari, ukuta unakuwa wa bluu. Moto ukiwaka kushoto, ukuta wa kushoto unawaka moto.

Nilipoiona video yake nikasema hii ndiyo ya mzee. Kubadilisha TV sikuweza, nikatafuta za kuongezea.

NILIVYOPIGWA MARA YA KWANZA

Kariakoo nikauziwa mkanda wa taa kwa Sh20,000. “Bosi wangu, hii ukiweka mpira ukuta unafuata wenyewe.” Nikaamini. Ulikuwa na rimoti ndogo yenye vitufe vya rangi, na fundi akaja kuubandika mgongoni mwa TV kwa gundi yake yenyewe, akachomeka waya kwenye tundu la USB la TV.

Ulikuwa unabadilisha rangi kweli. Nyekundu, bluu, zambarau, kijani, nyekundu tena, kwa mzunguko, iwe mpira iwe taarifa ya habari. Haukuwa unafuata chochote, ni disko tu.

Nimekuja kujifunza kuutambua, na hili lishike kabla hujatoa hela. Angalia mwanzo wa mkanda, pale nyaya zinapoungwa. Ikiwa kuna nyaya nne, moja ya umeme na tatu za nyekundu, kijani na bluu, mkanda wote unawaka rangi moja kwa wakati mmoja. Hauwezi kuwa kijani chini na mwekundu juu, hata umwite fundi gani. Unaoweza kufuata picha mara nyingi una nyaya tatu, yaani umeme, ardhi na moja ya kupitisha data, kwa sababu kila kitaa kina chipu yake ndani na kinaambiwa rangi yake peke yake. Muuzaji akikwambia “zote sawa tu kaka”, mshukuru, ondoka.

Na ile ya kuchomeka USB ilitutia hasara ndogo. Kila picha ikiwa nyeupe sana taa zilikuwa zinapepesa, na siku moja TV ikajizima na kujiwasha katikati ya penalti. Piga hesabu mwenyewe. TV ya inchi 43 ina mzunguko wa karibu mita tatu. Mkanda wa vitaa 30 kwa mita ni vitaa 90. Kila kimoja, kwenye aina inayotumika sana ya volti 5, kikiwaka cheupe kabisa kinaweza kula miliampia 60. Jumla ampia 5.4, yaani wati 27. Tundu la USB la kawaida nyuma ya TV linatoa ampia 0.5. Ni kama kumpa golikipa wa mchangani awazuie Mamelodi Sundowns. Mikanda ya namna hii inataka adapta yake kwenye soketi yake, basi.

Mama aliuliza kuhusu LUKU, kama ilivyo kawaida yake. Wati 27 zikiwaka mfululizo, uniti moja inafika saa 37. Mechi ni saa mbili. Akanyamaza.

KAMERA JUU, SPONJI PEMBENI

Ili taa zifuate picha lazima kitu fulani kiione picha. TV za Ambilight zinajua zenyewe kwa sababu kazi yote iko ndani. Sisi wa kuongezea tuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kisanduku kinachokaa katikati ya king'amuzi na TV. Waya wa HDMI unaingia, kisanduku kinasoma rangi za pembezoni mwa picha, kinazituma kwenye taa, na picha inaendelea kwenda kwenye TV. Kinakwenda na picha bila kuchelewa sana. Ila ukifungua YouTube ya ndani ya TV hakioni kitu, maana picha haikupitia kwake. Vilevile chaneli za kulipia zina ulinzi wa kuzuia kunakili, unaitwa HDCP, na vifaa vya bei ya chini visivyouelewa vinakupa giza. Kwa mzee njia hii ilikufa mapema. King'amuzi chake ni cha zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Hakina HDMI kabisa.

Ikabaki kamera. Kijikamera kinakaa juu ya TV, kinaiangalia skrini kwa chini, na hakijali picha imetoka wapi. Unaanza kwa kubandika vipande vya sponji vya rangi ya chungwa kwenye kona na kingo za skrini, unafungua programu kwenye simu, unakionyesha vilipo, halafu unavibandua. Hapo kinajua mipaka ya uwanja wake. Mjukuu alivichukua vile vya chungwa, mpaka leo sijui viko wapi.

Kwa bei sitataja, mama anasoma gazeti hili.

Usiku wa kwanza tukaweka katuni kwanza, kumfurahisha mtoto. Aisee, ni kitu kizuri. Jua la kwenye katuni likichomoza na ukuta unachomoza nalo. Mzee akacheka. Kisha tukaweka Simba.

NYASI NI NYASI

Nimeripoti mpira kwa miaka minne na sikuwahi kulifikiria hili. Mchezo wa mpira, kwa macho ya kamera, ni nyasi. Mfumo unagawa kingo za picha vipande vipande na kila kipande kinachukua wastani wa rangi iliyopo pale. Wachezaji wako katikati ya picha, wadogo, hawahesabiki. Kingo zote ni nyasi, isipokuwa juu kidogo penye jukwaa na mabango. Sasa wastani wa nyasi ni nini?

Kijani. Dakika ya kwanza mpaka ya mwisho.

Filamu inahama kutoka jangwani kwenda baharini kwenda chumbani. Mpira hauhami. Kona ya juu kushoto, penye kibao cha matokeo, palikuwa na doa moja jeupe-bluu lisilobadilika, kama balbu iliyosahaulika chooni. Na kamera ya uwanjani ikikata kwenda kwa kocha, ukuta unachelewa kidogo kufuata, mtu mmoja wa umri wa miaka 68 anasema “imekwama”.

Kuna nyakati inalipa, nisiwe mchoyo. Kamera ilipokwenda kwenye jukwaa la mashabiki wa Simba, wamejaa skrini nzima, ukuta uligeuka mwekundu mara moja na sebule yote ikawa Msimbazi. Mzee alinyanyua mkono. Sekunde nne hivi. Halafu ikapigwa goli-kiki, nyasi zikarudi.

“Zima,” akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama mtu mzima. Nani alikuwa na shida ya rangi? Mzee alikuwa na shida ya giza. Nikafungua programu, nikaondoa kufuata picha, nikaweka nyeupe tupu, ile nyeupe ya mchana ambayo kwenye vipimo inaandikwa kelvini 6500, nikaipunguza mpaka ikawa hafifu. Ukuta ukawa kama umepigwa na mbalamwezi. Mtoto kwenye godoro hakugeuka.

Bado kulikuwa na tatizo la ukuta wenyewe. Kwa mzee, kama nyumba nyingi, nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta ili isichafuke, na rangi ya mafuta inang'aa, kwa hiyo kila kitaa kilionekana kama nukta. Tukasogeza kabati la TV mbele kwa urefu wa shubiri moja. Mwanga ukapata nafasi ya kusambaa, nukta zikafifia. Ukuta mweupe usiong'aa ndio bora, na ukuta wa rangi kali utakuharibia hata hiyo nyeupe, ila sikuthubutu kumwambia mzee apake upya.

Akatazama mpaka filimbi ya mwisho. Sikumuuliza kitu. Kipindi cha pili nilikuwa namwangalia yeye kuliko mechi, nikisubiri mkono uende kwenye kanga. Haukwenda.

Kama taa ni za mpira tu, basi ule mkanda wa kwanza wa Sh20,000, ukiwa na nyeupe nzuri na adapta yake, ungetosha kabisa. Hiyo inaniuma. Kamera na sponji zake ni za filamu, katuni na magemu ya mjukuu, na Jumamosi mchana mtoto anazitumia kweli. Mpira unataka ukuta uliotulia.

Mzee, yeye, ana ombi moja. Anataka Simba wakifunga ukuta uwe mwekundu. Nimemwekea kitufe kwenye simu, na kwa kuwa simu ni yangu, ina maana kila Simba wakicheza lazima niwe Mbagala nimekaa naye, kidole tayari. Sijui kama hakulifikiria hilo kabla hajaomba.

Juni 11 linaanza Kombe la Dunia kule Marekani, Canada na Mexico, mechi 104. Fainali ya Julai 19 kwetu itakuwa saa 4 usiku, na nyingine za makundi zitapigwa alfajiri wakati mama anaamka kuswali. Redio imerudi jikoni. Juzi mzee amenipigia simu, ameniagiza nimwandikie ratiba yote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na pembeni niweke alama kwenye timu zinazovaa kijani.