Mawese, papai na jua la Butembo



Siku moja kisha ibada, mama mmoja alinikaribia na mtoto wake mwenye ualbino. «Pasta, nikimupaka mawese kila asubuhi, jua halitamuunguza tena?» Jirani ndiye alimushauri vile. Mimi si munganga, basi nikaenda kuuliza wenye kujua.

Munajua Butembo iko karibu kabisa na ikweta, tena juu, zaidi ya metri 1700. Baridi yetu inatudanganya. Kila ukipanda metri 1000, miale yenye kuunguza ngozi inaongezeka karibu 10 kwa 100. Ngozi nyeusi iko na kinga yake, melanini. Mtoto mwenye ualbino anayo kidogo sana ao hana kabisa; jua linamuletea vidonda, na vidonda vingine vinageuka kansa akingali kijana.

Je, mimea haina faida? Iko nayo. Mawese ni mekundu sababu ya karotini, ileile ya karoti. Mwenye kukula karotini kila siku, kwa wiki 10 hivi ao zaidi, ngozi yake inapata nguvu kidogo mbele ya jua. Kidogo tu. Lakini mafuta ya kupaka, yawe ya mawese ao ya avoka, yanalainisha ngozi. Kinga yake haifiki hata 10 kwa kipimo cha pomadi za jua. Mtoto yule anahitaji 30 ao zaidi.

Papai nalo? Kule Beni wakulima wanachanja papai mbichi, wanakinga maziwa yake, wanayakausha, na inauzwa inje: ndiyo papaini. Kazi yake ni kukatakata protini, ndiyo maana inalainisha nyama. Ukijisugua nayo usoni, inakula ngozi ya juu. Binti zetu wanafurahi kuona «weupe», halafu wanatoka kwa jua na ngozi iliyopunguzwa! Maji ya ndimu ni mabaya zaidi: yakikutana na jua juu ya ngozi, yanaleta malengelenge na madoa meusi ya miezi mingi. Na pomadi zingine za kujichubua ziko na zebaki, ileile wachimbaji wanatia kwa zahabu. Inaharibu figo.

Huko Moshi, Tanzania, kwa hospitali ya KCMC, walianza miaka ya 2010 kutengeneza pomadi ya watu wenye ualbino, jina lake Kilisun. Hawakutumainia mafuta ya mimea peke yake. Walitia dawa zenye kuzuia miale. Na hata vile wanafundisha watu kuvaa kofia.

Nilimujibu mama hivyo. Alishona kofia ya ukingo mpana na shati ya mikono mirefu, na kwa shamba mtoto anakaa kivulini tangu saa ine mpaka saa tisa. Mawese yamerudi kwa chungu cha sombe.