Nyama bila Wanga: Mlo wa Kigeni Mbele ya Sahani ya Kasongo

Mlo unaojengwa juu ya nyama, samaki, mayai na mafuta, huku wanga ukipunguzwa hadi karibu kuondolewa kabisa, umepata wafuasi wengi Ulaya na Marekani, na sifa zake husambaa kwa simu hadi miji ya mashariki ya Kongo. Kusini mwa Maniema, hata hivyo, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, chakula cha kila siku kimesimama juu ya muhogo na mchele, nyama huliwa inapopatikana wala si inapotamaniwa, na watoto wengi zaidi hufa kwa malaria, kuhara na surua kuliko watu wazima wanavyosumbuliwa na unene. Kwa sababu hiyo, faida na hasara za mlo huo haziwezi kupimwa Kasongo kwa mizani ileile inayotumika Chicago. Inabidi kwanza ieleweke mwili hufanya nini unaponyimwa wanga, kisha iulizwe ni nyama ipi inayozungumzwa, ina mafuta kiasi gani, na anayeila ana hali gani ya afya.

Wanga ni kirutubisho ambacho tumbo hukivunja kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi, na glukosi inapopanda katika damu kongosho hutoa insulini, yaani homoni inayoiruhusu sukari hiyo iingie katika chembe za mwili. Akiba ndogo ya glukosi huwekwa katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hufuatana na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana mtu aliyeacha bukari, yaani ugali, kwa wiki moja hujikuta amepungua kilo moja au mbili, akadhani ni mafuta yaliyoyeyuka, kumbe kwa sehemu kubwa ni maji yaliyotoka pamoja na akiba hiyo. Glikojeni ikiisha, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo hata ubongo huweza kuzitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi, na hali hiyo, iitwayo ketosisi, si ugonjwa kwa mtu mwenye afya.

Jambo ambalo watetezi wa mlo wa nyama hulitaja mara chache ni kwamba mlo huo, ukipigiwa hesabu, ni wa mafuta kuliko wa nyama. Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyeishi miaka kadhaa miongoni mwa Inuiti wa nchi za barafu, alikubali mwaka 1928, pamoja na mwenzake Karsten Andersen, kula nyama tupu kwa mwaka mzima chini ya uangalizi wa madaktari wa hospitali ya Bellevue mjini New York. Wote wawili waliumaliza mwaka huo wakiwa na afya njema, lakini vipimo vilivyochapishwa mwaka 1930 vilionyesha kwamba robo tatu au zaidi ya nguvu waliyoipata ilitoka katika mafuta. Na Stefansson alipopewa mwanzoni nyama isiyo na mafuta, aliharisha na kudhoofika ndani ya siku chache, akapona aliporudishiwa mafuta. Sababu iko katika ini, ambalo hulazimika kuigeuza naitrojeni ya protini kuwa yurea ili itoke kwa mkojo, kazi yenye kikomo ambacho wataalamu hukikadiria kuwa protini ya asilimia 35 hivi ya nguvu yote ya siku.

Kikomo hicho kina uzito mkubwa katika misitu na mbuga za bonde la Lualaba. Funo na wanyama wengi wa pori wana nyama kavu, ambayo gramu 100 zake zikiwa mbichi hubeba protini gramu 22 hivi na mafuta gramu 2 au 3 tu, yaani kilokalori 110. Mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,400 kwa siku, akitaka kuzipata kwa nyama ya namna hiyo peke yake, atalazimika kula kilo 2.2, na asilimia 80 hivi ya nguvu hiyo itakuwa protini, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho ini linakiweza. Akiamua kupunguza nyama hadi gramu 700 na kuijaza nafasi iliyobaki kwa mawese, kwa kuwa mawese ndiyo mafuta ya nchi hiyo, atahitaji glasi nzima ya mawese kila siku, wakati karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina ile inayopandisha kolesteroli mbaya katika damu. Mlo uliotungwa mahali penye nyama ya ng'ombe iliyonona na siagi, kwa hiyo, ukihamishiwa msituni bila kubadilishwa hugeuka ama kuwa sumu ya protini ama kuwa mlo wa mawese, na hakuna mganga wala mwalimu wa lishe mwenye kuwatakia mema watu wa Kasongo anayepaswa kuupigia debe.

Ng'ombe walionona, kwa upande wao, si wengi kusini mwa Maniema, na sababu kuu ni mbung'o, ambaye huambukiza mifugo nagana na binadamu malale, ugonjwa wenye historia ndefu katika bonde hilo. Mbuzi, kondoo na kuku wapo, lakini hufugwa kama akiba ya fedha za matibabu, karo na sherehe. Pia Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za misafara ya karne ya 19, na kwao nguruwe ameharamishwa, na mnyama aliyekutwa amekwisha kufa mtegoni ni kibudu.

Mfano unaotajwa mara nyingi kutetea mlo wa nyama katika Afrika Mashariki ni wa Wamaasai. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao uliolinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na jirani zao Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mizizi. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi, wazito zaidi na wenye nguvu zaidi za misuli, na Wakikuyu walisumbuliwa zaidi na upungufu wa damu na vidonda, ingawa Wamaasai nao walilalamikia zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. George Mann alipowapima Wamaasai wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Kisha yeye na wenzake wakachunguza mioyo ya wanaume 50 waliofariki, na katika ripoti ya mwaka 1972 wakaeleza kwamba kuta za mishipa yao zilikuwa zimeganda mafuta karibu kama za wazee wa Marekani, isipokuwa mishipa yenyewe ilikuwa mipana, pengine kwa sababu ya kutembea masafa marefu maisha yao yote, hivyo damu iliendelea kupita. Tena chakula kikuu cha Wamaasai hao kilikuwa maziwa, ambayo yana sukari yake, kwa hiyo hata wao hawakuwa watu wa nyama tupu.

Kuhusu kupunguza uzito, ushahidi wa miaka ya karibuni ni mtulivu kuliko matangazo. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2018, watu 609 waligawanywa kati ya mlo wa wanga kidogo na mlo wa mafuta kidogo, na baada ya miezi 12 kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 6.0 na la pili kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine wa Marekani, uliowafuatilia watu zaidi ya 15,000 kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wale ambao wanga uliwapa karibu nusu ya nguvu yao, na viliongezeka pande zote mbili, kwa wenye wanga kidogo mno na kwa wenye wanga mwingi mno. Na walioubadilisha wanga kwa nyama walikuwa na hali mbaya kuliko walioubadilisha kwa karanga, kunde na mafuta ya mimea. Upande wa wanga mwingi mno ndio unaoigusa Kasongo, kwa maana familia inayokula bukari ya muhogo asubuhi na jioni hupata humo karibu nguvu yake yote.

Suala la moshi nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015 liliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwemo iliyokaushwa kwa moshi na kwa chumvi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, likakadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama ya pori isafirishwayo hadi masoko ya mbali hukaushwa juu ya moto wa kuni ili isioze. Takwimu hizo zilitokana zaidi na watu wanaokula nyama kila siku, na anayeonja kipande mara mbili kwa mwezi hana sababu ya kuogopa. Lakini yule atakayeifanya nyama hiyo kuwa mlo wake mkuu atakuwa amejiingiza katika hatari ambayo jirani yake mla bukari hanayo.

Kuna mtu mmoja ambaye mlo wa wanga kidogo unaweza kumfaa kweli, naye ni mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambaye mwili wake hauitikii insulini ipasavyo. Majaribio mengi yameonyesha kwamba akipunguza wanga sukari yake hushuka kwa miezi ya mwanzo, ingawa faida hiyo hupungua mwaka unapokwisha, na kwake kupunguza donge la bukari na kuongeza lenga-lenga, sombe, maharage na samaki ni ushauri mzuri. Hatari iko katika dawa: anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, akiacha wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia, kwa hiyo dozi ni lazima ipangwe upya na muuguzi au daktari kabla ya sahani kubadilishwa. Mjamzito na mama anyonyeshaye hawana sababu ya kuujaribu mlo huo.

Swali lenye maana zaidi kwa Kasongo na Kabambare linakwenda kinyume na lile la Marekani, yaani ni nyama kiasi gani iongezwe kando ya muhogo. Jibu lililo bora lilitoka Embu nchini Kenya, ambako Charlotte Neumann na wenzake, kuanzia mwaka 1998, waliwapa wanafunzi wa shule 12 githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ya namna tofauti: wengine ilitiwa nyama, wengine walipewa maziwa pamoja nayo, wengine iliongezwa mafuta tu, na kundi la nne halikupewa chochote. Waliokula nyama, gramu 60 na baadaye 85 kwa siku ya shule, ndio walioendelea zaidi katika mtihani wa kufikiri, wakaongeza misuli na wakacheza kwa uchangamfu zaidi kuliko wenzao, kwa kuwa nyama huleta madini ya chuma yanayofyonzwa kwa urahisi, zinki, na vitamini B12, ambayo mimea haina. Chakula hakimalizi kila kitu: Mradi wa Kasongo, ulioanzishwa na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp katika miaka ya 1970, uliripoti mwaka 1983, baada ya kuwapima watoto wengi wa hapohapo, kwamba vipimo vya mwili havikuweza kubashiri vizuri ni mtoto yupi angefariki katika miezi iliyofuata, na hilo lilikumbusha kuwa maradhi humpiga hata aliyeshiba.

Muhogo wenyewe unaleta sababu nyingine ya kuhitaji kitoweo. Muhogo mchungu hutoa sianidi, sumu ambayo mwili huiondoa kwa kuiunganisha na salfa na kuigeuza kuwa thiosianati, na salfa hiyo hutoka katika methionini na sistini, vijenzi vya protini vinavyopatikana kwa wingi katika nyama, samaki na mayai. Akina mama huloweka muhogo siku tatu au zaidi, wakaumenya, wakauanika na kuutwanga, na kazi hiyo huondoa sehemu kubwa ya sumu. Huko Bandundu, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofanya muhogo kuwa bidhaa ya haraka, wauzaji walipunguza kuloweka hadi usiku mmoja, na katika familia zisizo na kitoweo ukaenea ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usioponyeka. Thorkild Tylleskär na wenzake walieleza uhusiano huo mwaka 1992. Katika Kabambare, hasa upande wa Salamabila, mapigano ya miaka ya karibuni yamewafukuza watu vijijini mara kwa mara, na mkimbizi hukosa vyote kwa wakati mmoja, siku za kuloweka na samaki wa kusindikiza unga.

Pale ambapo kitoweo hakipatikani, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa tangu mwaka 2010 katika vijiji vya Popokabaka, mkoani Kwango, ili kuzuia konzo. Unga wa muhogo hutiwa maji na kukorogwa, kisha hutandazwa mwembamba, usizidi unene wa sentimita 1, juu ya mkeka au ungo, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, muda ambao sianidi iliyobaki hupaa hewani. Kinachohitajika ni maji, mkeka na muda huo, na unga huo husongwa siku ileile, kwa sababu ukilala na majimaji yake huchacha.