Umenaswa na kamera ya spidi hapo Gilgil? Usiseme "ni kweli" kabla usome hii

Cheki, umetoka Naks ukienda Nairobi, ndai iko 120, karao anakusimamisha na kamera mkononi. Wasee wengi hapo hutoa thao chini ya maji wanasepa. Manze, hesabu kwanza.

Gari ndogo mwisho ni 110, ama chini kama kibao kinasema hivyo. Mathree na lori ni 80. Ndani ya tao na masenta ni 50, na hii ndio humaliza watu. Kanuni za 2016 zinasema ukipitisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo tu. 6 hadi 10 ni soo tano, 11 hadi 15 thao tatu, 16 hadi 20 thao kumi. Juu ya hapo hakimu ndiye anaamua, na anaweza kukurarua hadi laki moja. Kwa hivyo kama kibao ni 110, ile 120 yako ni soo tano. Umehonga thao kukwepa soo tano, na hongo nayo ni kesi ingine.

Ukipewa notisi ya korti, iwe Nakuru, Naivasha ama Molo, fika. Usipotokea unaweza kutolewa waranti. Kesi za trafiki huenda mbio: jina, kosa, "ni kweli ama si kweli?" Karibu kila mtu husema kweli ndio arudi job. Ukikataa utapewa dhamana na tarehe ingine, so pima kama hizo fare na siku zitakulipa. Kwa soo tano, zii. Kwa laki, pigana.

Katiba, Kifungu 50, inakupa haki ya kuona ushahidi mapema. Itisha picha. Namba plate inasomeka? Kuna ndai ngapi hapo ndani? Mahali na saa ziko? Sheria ya Ushahidi, kifungu 106B, inataka picha ya mashine ije na cheti kimesainiwa na anayehusika nayo. Pia uliza mashine ilipimwa usahihi lini.

Kuna stori kwamba shahidi mmoja hatoshi. Ni kweli nusu. Kifungu 43 cha Sheria ya Trafiki kinazuia kukufunga kwa maoni ya mtu mmoja pekee, yaani karao aliyekadiria na macho. Namba ya kamera si maoni, buda.

Ukishindwa, una siku 14 za kukata rufaa. Lakini kama ulisema "ni kweli", rufaa yako itakuwa ya adhabu tu.